Mguu wa Akika

Alimchukua mwanangu asubuhi, jua likiwa limepanda, na alimchukua kwa tabasamu. Alisimamisha gari mbele ya lango letu la bati, pale Buyenzi ambapo mafundi humwaga mafuta machafu na njia hubaki nyeusi mwaka mzima, akashuka akiruka madimbwi ili viatu vyake vyeupe visichafuke, akasema anampeleka binti yake mjini kumnunulia viatu. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alipanda gari ameshika andazi lililong'atwa nusu, akanipungia mkono nyuma ya kioo. Nami nikampungia.

Alasiri ilipopita bila wao kurudi, nikapiga simu.

"Mutoto iko kwao," alisema. Nilisikia kwamba anatafuna. "Kwao ni Kibenga. We, kwenu ni wapi?"

"Murudishe mutoto."

"Nakuuliza kwenu ni wapi, mama. Kama unapajua, nenda polisi ukaelezee. Waonyeshe na karangamuntu yako."

Akakata.

Karangamuntu ni kadi ya raia, na mimi sikuwa nayo. Nilizaliwa Uvira, ng'ambo tu ya pale, upande wa Kongo, kwenye milima unayoiona ukiwa ufukweni mwa Bujumbura hewa ikiwa safi. Nilivuka kuja kusoma chuo kikuu, kibali cha kukaa kikiwa mfukoni, na kibali kile kilikwisha muda nikiwa na mimba. Kila nilipopanga kuvuka nikaanze upya, kulikuwa na kizuizi: tumbo, kisha mtoto mchanga, kisha vita upande wa pili na ofisi zilizofungwa. Yeye alijua yote hayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, "Makaratasi ya nini? Uko na mi." Nilipokuwa naye, kukosa karatasi kulikuwa kitu kidogo cha kuchekea mezani. Nilipokuwa bila yeye, kikawa kamba, na kumbe ncha yake ilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo.

Kosa langu machoni pake lilikuwa moja. Alikuwa amenipa talaka kwa simu, kati ya habari za upungufu wa mafuta na habari za bei ya vipuri dukani kwake, kisha akasikia kutoka kwa watu kwamba sikulia. Alisikia kwamba ninaendelea kuwafundisha watoto wa mafundi Kifaransa kwenye veranda, na kwamba Jumamosi ninakwenda mjini kama zamani, kwenye kundi letu la vijana wanaosomeana hadithi walizoandika. Aliniambia nimrudie. Nilikataa. Ndipo akaja na habari ya viatu.

Marafiki wa Jumamosi, Mungu awape heri, walinishauri niandike shairi kuhusu maumivu yangu. Mmoja alisema maumivu ni shamba. Nilimtazama nikafikiri kwamba huyu hajawahi kunyang'anywa hata kalamu. Sikutaka shairi. Nilimtaka mwanangu, na nilitaka aliyemchukua aone haya mbele ya watu wanaomjua. Vyote viwili. Wapo walioniambia kwamba la kwanza ni haki na la pili ni dhambi. Niliwasikia, na sikubadilika.

Nilikwenda Kibenga, mtaa wa wenye nazo kando ya ziwa, peke yangu mara moja tu. Ukuta ulikuwa mrefu, umetambaliwa na maua ya zambarau, na hewa ilinuka ziwa. Mlinzi alifungua kidirisha cha lango, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Bosi amesema apana," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

"Hujui hata nimekuja kufanya nini."

"Mi najua tu amesema apana. Dada, usinitie mu matatizo. Akiita polisi, atakayepandishwa gari ni we, si yeye."

Wakati huo, nyuma ya ukuta, mtoto alicheka. Nilikuwa namjua anavyocheka: huanza na kwikwi kabla kicheko chenyewe hakijatoka. Nikasimama pale mpaka kicheko kikaisha. Sikuita jina lake, maana ningeita angelia, na akilia, baba yake angesema ona, mama yake anamliza. Nilirudi Buyenzi kwa miguu, safari ndefu, na njia nzima nilikuwa nikimpangia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane tuliyemwita Hajati, kwa kuwa aliwahi kwenda kuhiji na hakuacha mtu asahau. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akaniwekea chai ya maziwa miguuni.

"Umeenda kumuomba?"

"Nilitaka tu kumwona mtoto."

"Umeenda kumuomba," alirudia. "Mutu kama ule ukimuomba unamupa chakula. Anashiba. Sasa nisikilize. Nikaha yenu ilifungwa wapi?"

"Hapa, Hajati. Kwako."

"Na akika?"

"Hapa."

"Nani alishika kisu?"

Nikamtazama. Alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la upande mmoja, upande wenye meno.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Tulipooana, alinioa katika lupango la Hajati, yaani ua wa nyumba yake, mbele ya sheikhe mzee wa mtaa na majirani. Ilikuwa nikaha tu. Kwenye ofisi ya komini, ambako serikali huandika ndoa, alisema tutakwenda baadaye. Baadaye hiyo haikufika, na nikiwa na mimba ya miezi mingi nilielewa kwa nini: komini walikuwa wamekwisha kumwandikia mke, yuko Kibenga, na sheria ya hapa haimwandikii mwanamume mke wa pili. Nilipomuuliza, alisema mke yule alikuwa "wa karatasi" na mimi "wa Mungu". Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Sentensi ile ilinipendeza kwa jinsi ilivyopangika.

Mtoto alipofikisha siku saba tukafanya akika, kama inavyofanywa: mbuzi anachinjwa, mtoto ananyolewa nywele za kuzaliwa nazo, jina linatangazwa, nyama inagawiwa. Angeweza kumwachia kisu mtu mwingine. Lakini yeye ni mtoto wa Buyenzi aliyehamia Kibenga, na watu wa namna hiyo hawashibi sifa za mtaa waliouacha. Alikuja na kanzu nyeupe. Alimlaza mbuzi mwenyewe, akamwelekeza kibla mwenyewe, akachinja mwenyewe, mafundi wameacha magari wakisimama ukutani wanamtazama. Alimpokea mtoto aliyenyolewa, akampitisha kwa wazee mmoja mmoja, akisema, "Muone binti yangu." Nyama ilipokuwa inagawiwa, akasema atengewe mguu mmoja kwa ajili ya nyumba yake. Hata Hajati alishtuka.

"Nyumba gani?"

"Nyumba yangu. Baba si anakula akika ya mutoto wake? Nitasema nimetoka kwa karamu ya rafiki."

Basi akapewa mguu. Na kwa kuwa ni akika, mifupa haivunjwi. Kwetu mbuzi wa akika anatenganishwa kwenye viungo, polepole, kwa ncha ya kisu, ili viungo vya mtoto viwe na afya, na mifupa ikishaliwa nyama huzikwa mizima. Mguu ule uliingia ndani ya gari lake mzima kama ulivyotoka kwa mbuzi, ukaenda Kibenga.

Mtoto nilimwandikisha mimi komini, Hajati akiwa shahidi. Mahali pa jina la baba palibaki peupe. Yeye ndiye aliyeniomba: "Usiniandike kwanza. Tutarekebisha."

"Kwa hiyo," Hajati alisema siku ile ya chai, "Buyenzi muzima walimuona ni baba, na serikali haimujue. Twende mahakamani."

"Sina karatasi, Hajati. Watanikamata mlangoni."

"Labda. Lakini mutoto ana karatasi, na ile karatasi ina jina moja tu, lako. Na kule usimuombe. Usilie. Mwache aseme. Ule hawezi kukaa chumbani na watu bila kujisifu."

Karani wa mahakama aliniomba karangamuntu. Nikampa hati ya kuzaliwa ya mtoto. Akauliza tena, nikamwonyesha tena ile ile, na Hajati akanishika mkono chini ya meza. Karani akapuliza hewa puani, akaandika. Ningependa kusema kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinisimamisha mahali ambapo ujasiri ungenikimbia.

Wito ulimfikia. Alinipigia simu akicheka.

"Umenishtaki? We? Unajua watakufanya nini?"

"Tutaonana mahakamani," nikamjibu.

Kisha akampa mtoto simu, nadhani ili anivunje.

"Mama, viatu viko vyekundu," mwanangu alisema. "Unakuja lini kuviona?"

"Hivi karibuni, mama."

"Hapa kuna bembea."

"Vizuri. Bembea sana."

Siku ya kesi aliingia na wakili, viatu vile vile vyeupe, manukato yakimtangulia. Nyuma yangu walikuja watu wa mtaa: Hajati, sheikhe mzee aliyekuwa akitembelea fimbo, majirani wawili watatu waliokula ile nyama, na mafundi ambao walisema wamekuja tu kwa kuwa hakuna mafuta na magari hayaji gereji. Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoipandisha kichwani kila alipotaka kumtazama mtu vizuri. Kesi ilikwenda kwa Kirundi, lakini alipotaka wazee wa Buyenzi wamfuate aligeukia Kiswahili cha mjini kama wote tunavyofanya.

Wakili alianza. Alisema mimi ni mgeni, niko nchini kinyume cha sheria, naweza kufukuzwa siku yoyote, na kwamba mama asiye na haki ya kukaa hana nyumba ya kumkalisha mtoto. Alisema mtoto ni Mrundi na atapotezwa ng'ambo. Alisema vizuri. Kila neno lake lilikuwa limekwisha kunipitia kichwani mimi mwenyewe, alfajiri baada ya alfajiri, tangu siku ya viatu.

Jaji akapandisha miwani, akamgeukia yeye.

"Huyu mama ni nani kwako?"

"Ni mutu nilimusaidia tu, Muheshimiwa. Hata simujui sana. Alikuwa hana pa kukaa."

"Na mtoto?"

"Mutoto ni wangu. Damu yangu."

"Karatasi haina jina lako. Nani anajua ni wako?"

Na hapo akafanya kile Hajati alichosema atafanya. Aligeuka, akawatazama watu wa mtaa wake wamejaa kwenye mabenchi, na mabega yake yakapanuka.

"Buyenzi muzima inajua. Waulize. Nilichinja mi mwenyewe, kwa mukono yangu. Hawa wote walikula."

Nilitazama sakafu ili asione uso wangu.

Jaji akauliza nani alikuwepo. Sheikhe akasimama, ikamchukua muda.

"Ni kweli, Muheshimiwa. Alichinja. Nilisimama karibu na mbuzi."

"Basi ni baba yake."

"Subira kidogo. Kwetu baba anachinjia mutoto wa nikaha. Mutoto aliyezaliwa inje, ule ni wa mama yake, na akika yake ni kazi ya mama na wajomba. Huyu alishika kisu kwa sababu mi nilimufungisha nikaha na huyu binti, mu lupango la Hajati. Watu wako hapa. Kama anasema hakukuwa nikaha, basi siku ile hakuchinja akika. Alichinja mbuzi ya mishikaki."

Mafundi walicheka. Mmoja wao alisema, si kwa sauti ndogo, "Na pilipili haikutosha." Jaji akagonga meza kwa kalamu, lakini niliona amebana midomo.

Yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kuelewa mahali alipojiweka.

"Bwana," jaji alisema, "una mke aliyeandikwa komini?"

"Ndiyo."

"Sheria hapa inajua mke mmoja. Anayeweka nyumba ya pili, hiyo ni faili nyingine, inakwenda chumba kingine, na mimi ndiye nitakayeituma. Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na karani ataandika. Na huyu mama kulikuwa na ndoa, au hakukuwa?"

Wakili alimgusa mkono. Nje, mtu alikuwa akifungua kufuli la baiskeli. Nilitaka anitazame. Nilikuwa nimengoja tangu siku ya viatu anitazame wakati akichagua. Hakunitazama. Alimtazama sheikhe, mzee aliyemfundisha kusoma Kurani akiwa mtoto, kisha akayaondoa macho.

"Hakukuwa," alisema.

"Uliwahi kumwandikisha mtoto?"

"Apana."

"Unataka kumtambua leo? Sheria ina njia. Mama ataulizwa, na wewe utaulizwa alizaliwaje, ukiwa na mke nyumbani."

Akatikisa kichwa, akakaa. Nyuma yangu sheikhe alivuta pumzi, akasema polepole kwa ajili ya watu wa mtaa, si kwa ajili ya mahakama, "Mumesikia. Amemukana." Hakuna aliyecheka tena. Kwenye mabenchi yale kulikuwa na wanaume waliokuwa wakimpa salamu kwa mikono miwili, na niliona mikono yao ikiwa mapajani.

Jaji alisema mahakama inaona mtoto mwenye mzazi mmoja, na mzazi huyo yuko mbele yake. Kuhusu karatasi zangu alisema maneno machache tu: hakuitwa pale kupima pasipoti, hiyo ina watu wake. Mtoto arudishwe siku hiyo hiyo.

Tulikwenda Kibenga na mtu wa mahakama. Mlinzi safari hii alifungua lango lote. Aliyetutokea hakuwa yeye. Alikuwa mke wake, mke wa karatasi, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani, amemshika mwanangu mkono. Mtoto alikimbia akanikumbatia magoti, akaniambia nitazame viatu. Nilitazama viatu. Sikuona vizuri.

Nilikuwa nimemwandalia mwanamke yule maneno pia. Nilikuwa na chuki ya kutosha watu wawili. Lakini alinitangulia.

"Aliniambia ni yatima ya ndugu yake wa Rumonge," alisema. "Nikamuogesha, nikamulisha. Sikumuuliza kitu."

"Uliamini?"

"Mi nilizaliwa Buyenzi, dada. Ule mwaka aliniletea hapa mguu wa mbuzi, ati wa karamu ya rafiki. Mguu muzima. Mufupa hata moja haikuvunjwa, umekatwa mu kiungo. Unafikiri sijui nyama ya akika?" Aliingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. "Nilipika, akakula na watoto wangu. Mufupa nikaweka. Kila Idi nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Alinipa. Ilikuwa mifupa mikavu, myepesi, bado imekamilika.

"Kaizikeni na mingine," alisema. "Na yeye akirudi leo, nimemupikia mguu vilevile. Hii, mufupa nimeivunja yote."

Hajati alimtazama yule mwanamke kwa heshima ambayo hajawahi kunipa mimi.

Ningetaka hadithi iishe hapo, na kwa siku chache iliisha. Mtoto alilala na viatu. Kisha askari wawili wakaja asubuhi, wapole, wakauliza moja kwa moja jina langu na mlango wangu. Hawakuhitaji kuniambia nani aliwaelekeza. Walinikuta nawafundisha watoto, wakasubiri somo liishe, kisha wakanipa karatasi: natakiwa kutoka nchini na kurudi, nikitaka, kwa njia ya halali.

Alikuwa amepiga hesabu yake. Mama afukuzwe, mtoto abaki mikononi mwa Hajati, mzee, mpole kwa nje, na baada ya wiki moja gari lingesimama tena mbele ya lango. Kitu kimoja hakukiona. Nilikiona nikiwa nakunja nguo za mtoto, na nikacheka peke yangu chumbani hadi Hajati akaja kuuliza kama nimeshikwa na jini.

Kabla hatujaondoka, Hajati alichimba kwenye pembe ya ua ambapo mifupa ya yule mbuzi ilizikwa, akaweka ya Kibenga juu yake, akafukia, akakanyaga udongo kwa kisigino.

Mpaka uko Gatumba, mwendo mfupi kutoka mjini. Nilikuwa kwenye foleni, mfuko begani, mtoto mkononi, wanawake wenye vikapu vya nyanya mbele na nyuma yetu, nilipoliona gari lake. Mtaa ulikuwa umempa habari. Mtaa humpa kila mtu habari. Alikuja hadi dirishani karibu nami, akainama kidogo kwa afisa wa uhamiaji, akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba huyu mama anaondoka, sawa, lakini mtoto ni wa hapa.

Afisa alikuwa kijana mwenye uso wa usingizi. Alichukua hati ya kuzaliwa, akachukua na nakala ya hukumu, akasoma.

"Baba ya mutoto anakubali atoke?" aliniuliza.

"Hana baba," nikasema. "Imeandikwa hapo."

Hapo ndipo mwanangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa akihesabu nyanya za mama wa mbele, alipoinua kichwa akamwona.

"Papa," alisema. Kisha kwa furaha zaidi, "Papa, bado ninavyo," na akanyanyua mguu mmoja kumwonyesha kiatu.

Afisa akaamka usoni. Aliweka karatasi mezani, akamtazama yeye.

"Weye ndiye baba yake?"

Nilisema nilitaka aone haya. Sikuwahi, hata katika mipango yangu ya njiani kutoka Kibenga, kumpangia kitu kama hiki. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na angelisema, angebaki na binti yake pengine, na ile faili nyingine ingefunguliwa, na jina lake lingetembea kutoka chumba hadi chumba. Mtoto alikuwa bado amenyanyua mguu. Nilimwona akipima. Nilimwona, safari hii alikuwa ananitazama mimi, na machoni mwake kulikuwa na ombi. Aliyeniuliza kwetu ni wapi alikuwa akiniomba.

Sikumsaidia. Nikangoja kama wengine kwenye foleni.

"Apana," alimwambia afisa. "Najuana tu na familia."

Mhuri ukagonga.

"Basi muage," nikamwambia mwanangu. "Sema kwaheri tonton."

Alinitazama akitafuta kama ni mchezo, maana tonton ni mjomba, jina ambalo watoto wa mjini humwita mwanamume yeyote mzima. Kisha, kwa kuwa ni mtoto niliyemfundisha adabu, akasema, "Kwaheri, tonton," na tukavuka.

Tulirudi baadaye, nilipopata pasipoti na kibali. Tunaishi kwa Hajati, lango lile lile la bati. Yeye bado huja Buyenzi, maana duka lake liko huku, na siku nyingine hupita mbele yetu akiruka madimbwi. Binti yangu hukaa ngazini na madaftari yake. Akimwona humwamkia kwa heshima zote, kama anavyowaamkia wanaume wote wa umri ule, na kumwita kama anavyowaita wote. Yeye huitikia. Mimi huwa nimesimama mlangoni nyuma ya mtoto, na sijawahi kumrekebisha.